Bodi ya plastiki ya kigari cha nchi kavu na majini ikilegea: itengeneze isije ikakuzamisha

Leo naomba mnivumilie kidogo maana mada ni ya kifundi na ni ndefu. Kama uko kafe na muda wako unakwenda, ihifadhi kwenye flashi ukaisome nyumbani, au iprinti umpelekee fundi wako.

Chanzo ni meseji ya mdau wetu mmoja aliyeko Ontario, Kanada. Anafanya kazi shambani huko, na amenunua kwa mtu kigari kikuukuu cha magurudumu 6, vile vinavyopita matope, theluji na vichaka, na bwawa likitokea mbele vinaingia tu na kuelea. Kakuta tumbo la bodi limeshuka katikati kama kitanda cha kamba kilicholegea. Akaniandikia kwamba anataka apige gundi nzito kwa ndani, apakie watoto wake wawili, Jumamosi wavuke bwawa la jirani. Nikamjibu hapohapo: kaka, subiri kwanza!

Sasa niwe mkweli kwenu. Chombo chenyewe sijawahi kukikalia, nimekiona kwenye picha na video tu. Ila plastiki yake naijua. Baada ya kumaliza form four nilikaa karibu mwaka mzima kwa fundi mmoja wa mtaani anayeziba ndoo, mabeseni na matanki ya maji, na plastiki ya ndoo na ya bodi nyingi za vigari hivi ni ukoo mmoja. Mengine nimeyasoma. Nimeyakusanya yote hapa ili yakae sehemu moja.

Kama huna muda wa kusoma yote, chukua hili moja: KULEGEA SIO UGONJWA, NI DALILI. Plastiki haishuki kwa kupenda. Inashuka kwa sababu kitu kilichokuwa kinaishikilia kimekatika, kimeoza au hakikuwepo tangu mwanzo. Ukiinyoosha bila kurudisha mhimili, itashuka tena. Ukiipaka gundi bila kujua ni plastiki gani, gundi itabanduka, na itabandukia majini.

1. KIGARI CHENYEWE NI KIPI?

Vigari hivi vilianzia Kanada na Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960. Cha kwanza kujulikana kiliitwa Jiger, cha Kanada, kidogo chenye magurudumu 6. Mwaka 1967 ikatoka Argo, inayotengenezwa New Hamburg, Ontario, na hiyo ndiyo inayoonekana zaidi hadi leo, ya magurudumu 6 au 8. Marekani walikuwa na Max kutoka Buffalo, jimbo la New York, na Attex kutoka Ravenna, Ohio. Kulikuwa pia na Amphicat. Wale wapenzi wa filamu za zamani, kwenye tamthilia ya Uingereza ya Space: 1999 iliyoanza kuonyeshwa mwaka 1975, gari lao la mwezini lilikuwa Amphicat!

Muundo wake ni rahisi. Kuna chesisi ya chuma iliyolala ndani ya karai la plastiki. Injini, cheni na viti vyote viko ndani ya karai hilo. Ekseli zinatoka nje kupitia matundu yenye beringi na sili za kuzuia maji. Juu kuna nusu ya pili ya bodi, imeunganishwa na ya chini kwa mshono unaozunguka kigari chote. Hakina usukani wa kugeuza matairi kama gari la kawaida, ukitaka kukata kona unapunguza mwendo wa magurudumu ya upande mmoja. Majini matairi mapana yanazunguka na kupiga maji kama kasia, kwa hiyo mwendo ni wa kutembea kwa miguu.

Umeona hatari iko wapi? Mtumbwi una mbao na mataruma. Hiki kigari kinachokutenga na maji ni ngozi ya plastiki ya milimita chache.

2. KWA NINI BODI INALEGEA?

Sababu ya kwanza ni uzito wa kudumu. Plastiki sio kama chuma. Chuma ukikiwekea mzigo kinachokiweza, kitaubeba miaka na miaka bila kubadilika umbo. Plastiki ukiiwekea mzigo mdogo tu lakini usiotoka, inavutika polepole, mwezi hadi mwezi, hata bila kupasuka. Nyumbani kwetu tuliwahi kuliweka tanki la maji juu ya mbao zenye nafasi katikati. Mwaka wa kwanza halikuonyesha kitu. Baadaye kitako chake kikawa kimejaa mabonde, kila penye nafasi kimeshuka. Tanki halikuwa bovu, tulilinyima sakafu.

Ya pili ni joto. Jua kali, bomba la moshi lililo karibu na bodi, au injini isiyopata hewa, vyote vinailainisha plastiki na kuharakisha huo mvutiko.

Ya tatu ni jinsi bodi ilivyotengenezwa. Wanachukua bamba la plastiki bapa, wanalipasha joto mpaka linalegea, kisha wanalivuta kwa kunyonya hewa likae kwenye umbo. Penye kona na penye kina bamba limevutwa zaidi, kwa hiyo ni jembamba zaidi. Ndio maana nyufa nyingi zinaanzia konani.

Ya nne ni chesisi. Kigari kinachoingia majini chuma chake kinakula kutu kwa ndani mahali usipopaona. Mhimili mmoja ukikatika, plastiki inabaki inabeba injini.

Ya tano ni maji na matope yaliyobaki ndani. Hapa pana mtego. Sakafu ikishashuka katikati, kizibo cha kutolea maji hakiko tena sehemu ya chini kabisa, kwa hiyo maji yanabaki kwenye bonde. Lita 50 ni kilo 50, nazo zinalivuta bonde lizidi kushuka. Kwa wenzetu wa Kanada maji hayo yanaganda, na maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9. Hapo ufa hauko mbali.

3. KWA NINI USIPUUZIE?

Kuna watu watasema, si limebonyea tu, linatembea, tatizo liko wapi? Piga hesabu na mimi.

Maji ya kina cha sentimita 30 yanasukuma kila mita moja ya mraba kwa nguvu ya kama kilo 300. Kipande kilicholegea cha sentimita 20 kwa 20 kinasukumwa juu na kilo 12. Nchi kavu kipande hichohicho kinavutwa chini na matope na mizigo. Kwa hiyo kila unapoingia na kutoka majini kinapiga ndani, nje, ndani, nje, kama kifuniko cha kopo. Ukikunja waya hivyo unakatika. Plastiki nayo inachoka.

Pili, bodi ikishuka inayavuta matundu ya ekseli. Sili iliyokuwa imekaa katikati inapinda, inaacha mwanya. Maji yanaingia kidogokidogo wakati wewe unaangalia ng'ambo.

Tatu, maji yakishakuwa ndani hayatulii. Ukiinama kulia yanakimbilia kulia na kuongeza uzito hukohuko. Kigari kinachoelea kina ukingo mdogo juu ya maji, hakitaki mchezo huo. Hapo ndipo niliposhtuka niliposikia habari ya watoto wawili.

4. KABLA HUJASHIKA CHOCHOTE

Toa betri. Toa petroli yote na tanki lake, liweke mbali. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unakaa chini kwenye karai, na wewe unakuja na moto. Fungua vizibo, osha ndani kwa maji na sabuni, acha mlango wa banda wazi upepo upite mpaka usisikie harufu yoyote.

Halafu panda kigari kwenye vigogo, uzito ubebwe na CHESISI, sio bodi. Tumia vigogo imara pande zote, jeki peke yake usiiamini. Ukishapanda utaona kitu: bodi ikirudi juu yenyewe kidogo, ujue kuna kiungo kilicholegea tu. Isiporudi, plastiki imeshavutika.

Sasa ingia na tochi. Gongagonga chuma cha chesisi kwa nyundo ndogo. Kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti butu. Angalia kila bolti inayoshika bodi kwenye chesisi: imekatika, au tundu lake limetanuka? Chora kwa chaki kila unachokiona. Usianze kuchoma plastiki kabla hujajibu swali hili: ni kitu gani kilikuwa kinaishikilia hapa?

Kama chesisi inataka kuchomelewa, itolewe nje ya bodi kabisa. Cheche moja inatosha kufanya tundu.

5. IJUE PLASTIKI YAKO

Hapa ndipo wengi wanapotea. Bodi nyingi za zamani ni ABS, nyingi za baadaye ni HDPE, na zipo chache za faibaglasi. Usiamini jina la kampuni, maana bodi inaweza kuwa ilibadilishwa. Kata kipande kidogo sana sehemu iliyojificha, ukikwangue kiwe safi, kisha fanya hivi:

Jaribio la maji: kitumbukize kwenye glasi ya maji yenye tone la sabuni, kizamishe kwa kidole uondoe mapovu. Kikielea ni HDPE. Kikizama huenda ni ABS.

Jaribio la asetoni: ile ya kutolea rangi ya kucha inafaa ikiwa ni asetoni kweli. Paka tone, subiri dakika moja, gusa. Ikinatanata ni ABS. Ikiwa haijabadilika chochote ni HDPE.

Jaribio la moto: fanya nje, shika kipande kwa koleo. HDPE inadondoka matone na kunuka kama mshumaa uliozimwa. ABS inatoa moshi mweusi wenye masizi na harufu kali. Usiuvute moshi huo.

Majaribio mawili yakikubaliana, umeshajua. Faibaglasi utaitambua kwa nyuzi zake ukikata, na haiyeyuki. Hiyo ina ufundi wake, sio mada ya leo.

Kwa nini ni muhimu? Kwa sababu HDPE haishiki gundi. Iwe gundi ya dukani, iwe ile ya mirija miwili ya kuchanganya, itakauka vizuri na utafurahi, kisha siku moja itabanduka nzima kama ganda la yai lililochemshwa. Kwa fundi wangu tulikuwa tunaletewa ndoo zimepakwa gundi za kila aina, kazi ya kwanza ilikuwa kuibandua kwa kucha! HDPE inaunganishwa kwa joto tu. ABS ndiyo inayokubali kuyeyushwa na kugandishwa.

6. KUNYOOSHA

Vifaa: bloa ya hewa moto (kama ile ya mafundi simu, ila kubwa), glavu nene, ubao bapa, mifuko ya mchanga au jeki ndogo, na kikombe cha maji.

Weka ubao chini ya sehemu iliyoshuka, usukume kwa jeki polepole mpaka ubao uguse tu. Ubao uwe mpana, ukiweka kichwa cha jeki peke yake utaacha chunusi.

Pasha joto kwa kuzungusha bloa muda wote, umbali wa sentimita 15 hivi, nje na ndani kwa zamu. Usisimame sehemu moja. Kila baada ya muda dondosha tone la maji juu yake. Tone likichemka, umefika nyuzi 100, ACHA. ABS inaanza kulainika karibu na hapo. HDPE inayeyuka kwenye nyuzi 130 hivi, kwa hiyo bado una nafasi ndogo tu. Ukiona uso wa HDPE unang'aa kama umelowa, umepitiliza, ondoa bloa haraka.

Na hapa niweke onyo ambalo nisingeambiwa nisingeamini. Kumbuka bodi hii ilikuwa bamba bapa. Plastiki ina kumbukumbu. Ukiipasha kupita kiasi haitarudi kwenye umbo la bodi, itataka kurudi kuwa bamba! Itajikunja, itavuta kona, na hapo umemaliza kazi. Ndio maana joto dogo na subira vinashinda joto kali.

Ikishalainika, pandisha jeki kidogo, milimita chache, isukume ivuke kidogo usawa unaotaka, maana ikipoa itarudi nyuma kiasi. Weka mifuko ya mchanga upande wa pili kulinda umbo. Acha ipoe yenyewe, ikiwezekana usiku mzima. Usiimwagie maji baridi. Bonde kubwa lifanye kwa siku mbili au tatu.

ABS iliyopigwa jua miaka mingi ni habari nyingine. Ibonyeze kwa gumba: ikilia kama chapati kavu au ikitoa mistari myeupe, usiinyooshe, itavunjika. Hiyo iache ilivyo, iwekee kiraka na mhimili tu.

7. KUZIBA NYUFA

Kwa plastiki zote mbili: tafuta ncha za ufa, toboa katundu ka milimita 3 kwenye kila ncha ili ufa usiendelee kukimbia. Kisha panua ufa kwa kisu uwe kama herufi V.

HDPE: kwangua pande zote mbili mpaka uone plastiki mpya, na uchomelee siku hiyohiyo kwa sababu uso ukikaa na hewa na jua haushiki vizuri. Kijiti cha kujazia kiwe plastiki ileile. Bora zaidi kikatwe kwenye ukingo wa bodi yenyewe usioonekana. Ukikosa, dumu lenye alama ya pembetatu na namba 2 ni HDPE, ila lisiwe la mafuta ya kula, maana mafuta yameshaingia kwenye plastiki. Hewa ya bloa iwe nyuzi 300 hivi ikitoka mdomoni. Lazima ufa NA kijiti vyote vilainike kwa pamoja, ndipo ukandamize. Kijiti kikiyeyuka juu ya plastiki baridi, umepaka tu, hujaunganisha. Plastiki ikiwa nyeusi na kutoa moshi imeungua, ikwangue uanze upya. Geuza upande wa pili ufanye vilevile. Mafundi wetu wa ndoo wanatumia kisu cha moto, na kwa beseni kinatosha. Kwa tumbo la chombo cha majini, upande mmoja hautoshi.

ABS: chukua mabaki ya ABS, yakatekate kwenye chupa ya kioo, mimina asetoni yafunike, funga, subiri mpaka kesho. Utapata uji mzito kama asali. Piga msasa namba 80 pande zote za ufa, futa vumbi. Jaza ufa kwa uji huo kwa tabaka nyembamba, kila moja ikauke. Kwa ndani weka kiraka cha bamba la ABS kinachozidi ufa sentimita 5 kila upande. Kipe siku tatu kabla ya kukitwisha mzigo, maana juu kinakauka haraka lakini ndani bado kibichi. Asetoni inawaka haraka sana, kwa hiyo hakuna sigara, hakuna bloa karibu. Na ABS usiioshe kwa petroli, ikiwa na mkazo inaweza kupasuka.

8. MHIMILI, HAPA NDIPO KAZI YENYEWE

Kama una nguvu za hatua moja tu, ziweke hapa.

Rudisha kwanza kilichokatika kwenye chesisi. Halafu ongeza sakafu: bamba la alumini au plaiwudi ya majini, lipumzike juu ya CHESISI, sio juu ya plastiki. Miguu na mizigo vikae juu ya hilo bamba. Chini yake acha njia za maji ziende hadi kwenye kizibo.

Kwa bodi ya juu, kwenye kingo na chini ya viti ambako watu wanakalia, tumia engo ya alumini ya milimita 25 kwa 25, unene 3. Ifunge kwenye chesisi ili ibebe. Piga tupa kingo zote zisiwe kali, na weka kipande cha mpira kati ya alumini na plastiki. Chuma kikisugua plastiki, plastiki ndiyo inayoisha.

Kwa tumbo la HDPE lenye eneo pana lisilo na kitu, chomelea mbavu za HDPE kwa ndani, zikatize lile bonde. Hazihitaji tundu hata moja. Kumbuka sheria: chini ya usawa wa maji usitoboe tundu jipya kama kuna njia nyingine.

Sasa kitu ambacho mafundi wengi hawakiwazi. HDPE inatanuka sana kwa joto. Bodi ya urefu wa mita 2 ikitoka nyuzi 0 hadi nyuzi 30, inarefuka milimita 7 au zaidi. Alumini ya urefu huohuo inarefuka milimita 1 na nusu hivi. Ukivifunga pamoja kwa bolti zilizobana kabisa, plastiki itakosa pa kwenda, itafanya mawimbi, na utadhani imelegea tena! Kwa hiyo tundu moja la katikati libane, mengine yawe marefu kama yai kufuata urefu wa engo. Weka washa pana pande zote, nati za kujifunga, na kaza mpaka ishike tu, usiikamue.

Mwisho, sogeza bomba la moshi mbali na plastiki au liwekee bati la kukinga joto. Ukiliacha, utarudia kazi mwakani.

9. KUJARIBU

Usijaze maji ndani ya kigari kuona kama kinavuja! Nimeona watu wakishauri hivyo. Utakuwa umeweka mamia ya kilo juu ya plastiki uliyoinyoosha jana.

Badala yake, nyunyiza unga wa chaki ndani, kwenye kila kiungio, kila tundu la ekseli na kila ulipochomelea. Funga vizibo. Kifunge kigari kamba imara, mwenzako aishike ufukweni. Ingia kwenye maji ya magotini, yaliyotulia, mtu mmoja, akiwa amevaa jaketi la kuokolea. Kaa dakika 15 bila kwenda popote. Toka, angalia chaki. Palipolowa panakuambia ukweli. Rudia ukiwa na mizigo ya uzito wa watu. Abiria ni wa mwisho kabisa.

Na baada ya kila safari fungua vizibo, pima maji yaliyotoka kwa kopo. Yakianza kuongezeka kila mara, kuna kitu kinafunguka.

10. LINI UKATE TAMAA?

Nyufa zikizunguka tundu la ekseli pande zote, au plastiki ikimegeka kwa mkono, au chesisi imeoza sehemu nyingi, usikipeleke tena majini. Bado kinaweza kutumika nchi kavu kubeba kuni. Hakuna aibu. Chombo kinachokataa maji kikiwa bandani ni bora kuliko kinachokataa katikati ya bwawa.

SASA MDAU WETU JE?

Alinitumia majibu. Kipande kilielea, na moto ulinuka mshumaa, kwa hiyo ni HDPE. Kumbe hata mwenye kigari wa kwanza aliwahi kupaka gundi hukohuko chini ya matope, na mdau akaibandua kwa vidole, kipande kizima kwa mkupuo mmoja. Chini yake akakuta mhimili wa chesisi umekatika kwenye kiungio. Angepaka gundi yake juu ya ile, Jumamosi ile wangekuwa watatu majini juu ya maganda mawili ya gundi.

Wikiendi tatu zimepita. Chesisi imechomelewa, tumbo limenyooka, sio kama jipya lakini limekaa. Jaribio la kwanza chaki ililowa kwenye sili moja ya ekseli, ameibadilisha. Watoto bado hawajavuka. Wanashika kamba ufukweni, na ameniambia wanalalamika kinoma.

Haya wadau, wenye uzoefu wa kuchomelea madumu na matanki mwageni ufundi wenu hapo chini, hasa mnaotumia kisu cha moto: mnafanyaje ili upande wa ndani nao ushike? Na kama nimekosea mahali nisahihisheni, hakuna noma. Tuko pamoja.